Joto Linahitaji Dirisha

Masomo ya juma: Yohana 18:15-18, Yohana 21:1-17, Matendo 9:36-42, Yakobo 2:14-17



Hii baridi ya Julai haihitaji kutangazwa madhabahuni. Kila mmoja amekuja kanisani na habari yake. Nguo zimekaa kwenye kamba siku tatu na bado zinadondosha maji. Sare za watoto zinakaushiwa juu ya jiko, na Jumatatu asubuhi kuna mtoto ameenda shule na soksi iliyoungua kisigino, na mwingine sweta yake inanuka moshi kama ya mzee wa kuchoma makaa. Watu wa boda boda wameweka katoni kifuani chini ya jaketi. Hata waimbaji wetu Jumapili iliyopita walisifu huku mkono mmoja umo mfukoni, nami sikuwalaumu, kwa sababu yangu yote miwili ilikuwa mfukoni.

Sisi tunaoishi huku Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, tunaijua Julai. Upepo wa kutoka kusini-mashariki unakuja na unyevu, unapanda nyanda za juu, na mawingu yanatulia juu yetu kama kifuniko cha sufuria. Jua lipo, lakini liko upande wa pili wa kifuniko. Kila mwaka watu wa hali ya hewa wanatuambia kwamba Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi, na kila mwaka tunashangaa kama wageni.

Nina swali ambalo limenisumbua majuma matatu, na mchungaji amenipa ruhusa niliweke hapa. Swali ni hili: joto langu ni la nani? Yaani, nikiwa nimekaa kwangu, moto unawaka, mkononi nina kazi ninayoipenda, sijamwibia mtu wala kumsengenya mtu, je, kuna kosa? Kabla hamjanijibu, acheni niwasimulie Jumanne yangu.

Jumanne ya safari tatu

Mimi ni mwalimu mstaafu, na wengi wenu mnajua ugonjwa wangu ni kufuma. Vitambaa vya makochi katika nyumba kadhaa za ushirika wetu vimetoka mikononi mwangu. Tangu Mei nilikuwa nafuma sweta yangu mwenyewe, ya rangi ya udongo, yenye mistari myekundu inayopanda na kushuka. Si kwamba nilikosa sweta. Ninazo nne sandukuni. Ila nilikuwa nimeuona ule mchoro kwenye sweta ya mama mmoja ndani ya matatu, nikahesabu vitanzi kwa macho kutoka Limuru mpaka Kangemi, na nilitaka kujua kama mikono yangu inaweza kuutoa. Basi. Hakukuwa na sababu nyingine.

Jumanne hiyo nilikuwa na safari tatu ndogo. Kujaza mtungi wa gesi, ule mdogo wa kilo 6. Kununua trei ya mayai. Na kununua uzi mwekundu, maana ulikuwa umeniishia nikiwa kwenye mkono wa kushoto wa sweta. Manyunyu yalikuwa yameanza tangu asubuhi. Njia yetu ya kuteremka kutoka sokoni mnaijua ilivyo ikilowa. Mtungi mkono huu, mayai na uzi mkono huu, mguu ukateleza, na mimi huyo nikaketi kwenye tope kama mtoto anayejifunza kutembea. Trei ina mayai 30. Nilipohesabu baadaye, 17 yalikuwa yamevunjika, na uzi wangu mpya ulikuwa umelowa ute.

Aliyeniinua ni mama mmoja kijana, jirani yangu, anayekodi chumba cha mabati ng'ambo ya ua wangu. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi saba aliyefungwa leso moja. Yeye mwenyewe alivaa blauzi nyepesi, na leso nyingine begani. Alibeba mtungi wangu mpaka mlangoni, mtoto akiwa mgongoni, na alipouweka chini niliona mikono yake inatetemeka. Akaniambia, "Mwalimu, hii baridi itatumaliza. Usiku huyu halali kabisa."

Sikilizeni nilivyojibu. Nilisema, "Usijali, Mungu ni mwema. Hebu tuombe." Tukaomba pale pale mlangoni, kama dakika mbili hivi. Niliomba vizuri, wapendwa. Niliikemea baridi. Niliitaja homa ya mapafu kwa jina nikaifunga. Nikawatangazia joto la Bwana, yeye na mtoto. Akasema amina, akaenda zake. Mimi nikaingia ndani, nikafunga mlango upesi ili joto lisitoke, nikaufua ule uzi, nikautandaza karibu na moto, na usiku nikafuma mpaka saa nne. Kitanzi kimoja kiliponyoka, nikafumua safu mbili nzima ili nikirudishe. Kwa kitanzi nilikuwa na subira.

Alhamisi

Alhamisi kabla ya alfajiri tuliamshwa na kelele uani. Yule mama alikuwa ameingiza jiko la makaa ndani baada ya kupika. Alingoja mpaka moshi wote uishe, makaa yawe mekundu safi, ndipo akaliingiza. Chini ya mlango akaziba kwa matambara, na dirisha akaliziba kwa katoni. Chumba kikapata joto, mtoto akalala, naye akalala.

Usiku wa manane aliamka kichwa kinapasuka. Alijaribu kusimama, miguu ikakataa, akaangukia rafu ya vyombo. Sufuria zikamwagika zote chini. Kelele hiyo ndiyo iliyomwamsha fundi wa ujenzi anayelala chumba cha pili. Akabisha hodi, hakujibiwa. Akavunja mlango kwa bega. Akawatoa nje mmoja mmoja, akawalaza kwenye baridi ile ile tuliyokuwa tunaikimbia, na hewa ya baridi ndiyo iliyoanza kuwarudisha. Jirani mwenye gari akawakimbiza hospitali, wakawekewa oksijeni. Jumamosi walirudi nyumbani, wote wawili wakiwa hai. Jina la Bwana litukuzwe.

Wacha nieleze hapa kwa lugha ya darasani, kwa sababu huenda kuna mtu anasoma hili na jiko liko mbele yake. Makaa yanapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu na kukalia kiti cha oksijeni. Unaanza kwa kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, halafu usingizi mzito, na aliyelala hawezi kujua kwamba huo usingizi si wa kawaida. Moshi si dalili. Makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo bado yanaitoa. Kwa hiyo jiko la makaa halilali ndani na watu, hata kama ni la kuota tu. Ukipika nalo, mlango na dirisha viwe wazi, na kabla ya kulala litoke nje. Mkisikia kichwa mkiwa karibu nalo, tokeni nje wote kwanza, maswali baadaye.

Nilienda kumwona. Kwa ile sauti ya ualimu nikamuuliza, "Kwani hukujua jiko linaua?" Akanitazama. Akasema, "Nilisikia ni moshi unaua. Hayakuwa na moshi. Na mtoto alikuwa anatetemeka, Mwalimu. Ningefanya nini?"

Sikuwa na jibu. Yeye hakujua. Mimi nilijua. Nimewafundisha watoto wa darasa la sita jambo hilo miaka mingi, mpaka nikalichora ubaoni. Jumanne, alipoweka mtungi wangu chini, kulikuwa na nafasi ya sentensi moja: "Msilale na jiko ndani." Na sandukuni, hatua kumi kutoka pale tulipokuwa tunaombea, kulikuwa na sweta nne.

Kosa lilikuwa wapi?

Yakobo katika sura ya pili anamzungumzia mtu anayekutana na ndugu asiye na nguo wala chakula, akamuaga kwa maneno mazuri ya kumtakia joto na shibe, na asimpe kitu. Nimeisoma sura hiyo mara ngapi? Nimeifundisha katika shule ya Jumapili. Sikujua kwamba siku moja nitakuwa mtu wa ndani ya mfano.

Mtu anaweza kusema kosa lilikuwa ni maombi. Hapana. Maombi yalisikika. Ila mlango ulivunjwa na mtu ambaye haendi kanisa lolote. Jumapili tunapopita kwake na Biblia zetu kwapani, huwa anaosha pikipiki. Mungu alijibu maombi yangu kwa kutumia bega la mtu mwingine, kwa sababu mikono yangu ilikuwa na shughuli. Nilichokosea ni kuyatumia maombi kama njia ya kufunga mazungumzo. Nilikuwa nasikia baridi, nilikuwa na tope kwenye sketi, nilitaka kuingia ndani. Amina yangu ilikuwa ni namna ya heshima ya kusema kwaheri.

Mimi mwenyewe nilidhani kosa ni kufuma. Ijumaa nilichukua sindano zangu, uzi, na ile sweta yenye mkono mmoja, nikavitia vyote kwenye gunia, nikalisukuma chini ya kitanda. Nikamwahidi Mungu kwamba sitafuma tena. Nilisema, mtu aliyeokoka anafanyaje mchezo wa nyuzi wakati jirani yake anakufa? Nilijisikia mtakatifu kwa siku nne nzima.

Jumanne iliyofuata, katika ushirika wa nyumbani, nikatoa hilo kama ushuhuda. Watu wakasema amina. Lakini kuna shosho mmoja katika kikundi chetu, mjane, ambaye huwa hasemi sana. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chake cha chai chini, akauliza, "Mwalimu, sasa tangu uache kufuma, ni nani amepata joto?"

Chumba kilinyamaza. Wapendwa, swali hilo ni zito kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Tangu niache kufuma, hakuna aliyepata joto. Niliacha kufuma kwa ajili yangu, kama vile nilivyokuwa nafuma kwa ajili yangu. Toba yangu pia ilikuwa imefunga madirisha.

Mungu na kazi ya mikono

Kuna ndugu zetu wanaoamini kwamba kazi ya kujifurahisha, kama kufuma, kuchora, kuchonga, kupanda maua, ni kupoteza wakati ambao ungetumika kwa maombi. Na wengine wanasema kazi kama hiyo ni halali ikiwa tu inaleta pesa au inasaidia maskini. Ninawaheshimu wote, lakini nikisoma Neno sioni hivyo.

Katika Kutoka sura ya 31 Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza Roho, na kazi anayompa si kuhubiri. Ni kubuni michoro, kufanya kazi ya dhahabu, fedha na shaba, kukata vito, kuchonga miti. Na katika sura ya 28, pindo la joho la kuhani linawekewa makomamanga ya nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu, na njuga za dhahabu katikati yake. Njuga zilikuwa na kazi, zilisikika kuhani alipoingia na kutoka. Lakini komamanga la uzi halilii. Mavazi yale yaliamriwa yawe ya utukufu na ya uzuri pia. Mungu anapenda kitu kizuri kiwe kizuri. Raha niliyoisikia nikihesabu vitanzi ndani ya matatu haikuwa dhambi. Sasa naamini ilikuwa zawadi yake.

Lakini someni pia Matendo sura ya 9. Dorkasi wa Yafa anafariki. Petro anafika, na wajane wanasimama pale wakilia. Hawamsimulii Petro jinsi marehemu alivyokuwa mtu wa imani. Wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Nguo ndizo zinazotoa ushuhuda. Biblia haisemi kama Dorkasi alipenda kushona. Mimi nafikiri alipenda. Mtu hashoni nguo nyingi hivyo kwa kujilazimisha. Tofauti yake na mimi si kwamba yeye alikuwa na huruma na mimi nina sindano. Sote tuna sindano. Tofauti ni kwamba wajane walijua njia ya kuingia kwake, na raha ya mikono yake ilijua njia ya kutoka.

Mioto miwili ya makaa

Sasa tuje kwenye Injili ya Yohana. Kuna mioto miwili ya makaa katika Injili hiyo, na Petro yuko kwenye yote miwili.

Wa kwanza uko sura ya 18, uani kwa kuhani mkuu. Yohana anatuambia wazi kwamba kulikuwa na baridi. Watumishi na walinzi wamewasha makaa, wanaota moto, na Petro amesimama nao anaota moto. Angalieni, kuota moto si kosa. Usiku ulikuwa wa baridi. Lakini ndani ya nyumba hiyo hiyo Bwana wake anahojiwa na kupigwa, na Petro anataka mambo mawili: abaki karibu na joto, na asijulikane. Ili abaki kwenye moto ule, ilibidi aseme hamjui mtu yule. Joto likawa na bei, naye akailipa mara tatu.

Mimi sikumkana Yesu kwa mdomo. Lakini Mathayo 25 inatuambia kwamba anahesabu aliye uchi kuwa ni yeye mwenyewe, na asiyevikwa kuwa ni yeye hakuvikwa. Na mkisoma vizuri mtaona pande zote mbili zinashangaa. Hata waliotenda mema wanauliza ni lini walimwona. Hawakukumbuka, kwa sababu lilikuwa jambo dogo, la njiani, katikati ya safari ya kwenda dukani. Vivyo hivyo na waliokosa. Hakuna aliyesema, "Leo namwacha Yesu apigwe na baridi." Walikuwa tu na haraka ya kufika nyumbani.

Moto wa pili uko sura ya 21, ufuoni mwa ziwa. Wanafunzi wamevua usiku kucha bila kitu. Petro amejitupa majini, anafika pwani amelowa chepechepe. Na ufuoni wanakuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Nani aliuwasha? Yesu, aliyefufuka, aliyeshinda mauti. Angeweza kuwatokea kwa umeme. Badala yake amewasha moto na kuandaa chakula kwa ajili ya watu waliolowa. Kisha wamekula, na baada ya kula ndipo anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Hakumuuliza akiwa analowa na ana njaa. Alimpa kwanza joto, swali baadaye.

Makaa ni yale yale. Moto mmoja Petro aliuota peke yake katikati ya watu wengi. Mwingine uliwashwa na mtu kwa ajili ya wengine. Tangu Alhamisi ile, kila nikiona jiko ninajiuliza huu ni wa sura ya 18 au wa sura ya 21.

"Siwezi kuipasha joto Limuru yote"

Nasikia mtu akisema, "Mwalimu, mimi pia sina. Nikianza kuwapa joto majirani wote, watoto wangu watalala na nini?" Ni swali la haki. Njaa ikiingia au mafuriko yakija, tunafanya harambee, magari yanajaa magunia. Lakini hakuna anayeitisha harambee ya baridi. Baridi inamjia kila mtu chumbani kwake, mlango umefungwa, na kila mtu anadhani mwenzake ana blanketi.

Jibu langu nimelitoa kwenye jiko. Mungu hajasema tubomoe ukuta. Nyumba isiyo na ukuta haina joto la kumpa yeyote. Paulo mwenyewe, mtume wa imani, akiwa kifungoni alimwandikia Timotheo amletee joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na akamhimiza afike kabla ya majira ya baridi. Hakuona aibu kuhitaji nguo yake. Kwa hiyo vaa koti lako, mpendwa, na ulivae kwa shukrani. Lakini acha dirisha. Nyumba iliyozibwa kila tundu ndiyo inayomuua aliye ndani. Jambo hilo nimeliona kwa macho kwa jirani yangu, na nimeliona kwa roho kwangu. Kwangu kuna dohani, moshi unatoka, na kemia haikunifikia. Bali nilikuwa nimelala usingizi mwingine, na sikujua nimelala.

Dirisha lenyewe si kitu kikubwa. Yohana Mbatizaji, katika Luka 3, aliwaambia watu kwamba mwenye kanzu mbili ampe asiye nayo. Mimi nilikuwa na nne. Hesabu hiyo hata darasa la kwanza wanaiweza. Dirisha ni kuuliza swali la pili. Mtu akisema anasikia baridi, usikimbilie amina. Muulize, "Usiku mnalalaje? Mnatumia nini kuota?" Ningeuliza hivyo Jumanne, angenijibu "jiko," na ile sentensi ya darasa la sita ingetoka yenyewe. Kisha ombeni. Ombeni sana. Lakini maombi yaanzie mahali swali limefika.

Nilichofanya, na ambacho bado

Nilitoa gunia chini ya kitanda. Sweta moja kati ya zile nne nilimpelekea yule mama siku hiyo hiyo, na blanketi. Halafu nikauchukua ule uzi mwekundu, ule wa mayai, nikamfumia mtoto sweta na kofia. Mwili wa mtoto wa miezi saba hautaki uzi mwingi. Nilimaliza kwa jioni nne, na niseme ukweli, niliuweka ule mchoro wangu wa kupanda na kushuka kifuani, kwa sababu bado nilitaka kuona kama mikono yangu inaweza kuutoa. Imeweza. Furaha yangu haikupungua hata kidogo. Sweta yangu ya rangi ya udongo bado ina mkono mmoja, nayo itangoja.

Sitawadanganya kwamba mambo yote yamekaa sawa. Sina uhakika kama yule mama amenisamehe, kwa sababu sijawahi kumwomba msamaha kwa maneno. Nimepeleka sweta, nimepeleka mayai 13 yaliyobaki, nimepeleka kila kitu isipokuwa neno hilo. Kupeleka vitu ni rahisi zaidi. Wiki hii ninaenda kumwambia: "Siku ile nilijua, na sikukwambia." Mniombee. Hajakuja kanisani, na sikumpa sweta ili aje. Akija, tumsogezee kiti. Asipokuja, ni jirani yangu vile vile.

Na yule fundi? Bega lake bado linamuuma. Shosho wetu amekuwa akimpelekea uji wa moto asubuhi. Hakutangaza kwa mtu. Nimemwona tu kupitia dirishani.

Juma hili, katika vikundi vyetu, kila mmoja ajiulize: ni nani anayeishi hatua kumi kutoka kwangu, na sijui usiku analalaje? Ni kitu gani mikono yangu inapenda kufanya, na raha hiyo imewahi kumfikia nani? Na kabla hamjaachana, hakikisheni kila nyumba ya kikundi inajua habari ya jiko. Waambieni hata wasio wa kanisa letu. Ni sentensi moja.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyewasha moto ufuoni kwa ajili ya watu waliolowa, utusamehe kwa mara tulizosema amina ili tufunge mlango. Asante kwa moto tunaoota, kwa uzi, kwa mikono, kwa mayai yaliyovunjika na yale yaliyobaki. Tuonyeshe dirisha ni lipi, na utupe nguvu ya kulifungua usiku wa leo, kabla ya Alhamisi. Amina.